Wamechelewa Kukata Kamba

Kigoma, wiki ya mbalamwezi, mabanda ya video yalikuwa yanafurika. Asiyekulia kando ya ziwa atashangaa mwezi na sinema vinahusiana vipi, kwa hiyo nieleze. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro, taa inawaita, wanapanda juu kwa maelfu, na wavu unavutwa. Mwezi ukishakuwa mpevu, taa haina kazi, maana ziwa zima linang'aa. Wavuvi wanapandisha mitumbwi mchangani, wanashona nyavu mchana, na usiku hawana pa kwenda. Miaka ile ya 2000 mwanzoni walikuwa wanapanda mtaani Mwanga, kwenye kibanda umiza: mabati, benchi zisizo na migongo, televisheni moja ya kichogo juu ya meza ndefu, blanketi zito mlangoni la kuzuia mwanga na kuzuia wanaochungulia bure.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mvuvi wa kipe, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa, pale Kibirizi, mwalo wa Kigoma. Mbalamwezi ikifika alikuwa ananilipia. Nilikaa miguuni pake, chini, kwa sababu mtoto hakai benchi watu wazima wamesimama. Nguo zake zilinuka moshi, mafuta ya taa na dagaa, na mpaka leo harufu hiyo kwangu ni harufu ya sinema.

Tulizoea picha za kareti na makomandoo, zile zilizotafsiriwa, sauti ya Mswahili imepandishwa juu ya sauti ya Mzungu. Siku ninayoikumbuka, diski iliyotangazwa ilikwama. Mwenye banda akaweka nyingine yenye picha ya meli kwenye jalada, haijatafsiriwa, Kiingereza kitupu. Watu wakaguna. Dakika ya kumi vijana wa sokoni wakatoka wakidai hela zao. Wavuvi hawakutoka. Walikuwa kumi na kitu, wamejibana benchi mbili za mbele, na kadiri picha ilivyokwenda ndivyo walivyozidi kunyamaza.

Jina lake nililijua baadaye sana: Master and Commander, ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Peter Weir. Russell Crowe ni nahodha wa Surprise, manowari ya Uingereza. Mwaka ni 1805, vita na Napoleon, na wanaifukuza meli ya Kifaransa iliyo kubwa na yenye mbio kuliko yao, wakizunguka ncha ya kusini ya Amerika kuingia Pasifiki. Kisa ni hicho tu. Hakuna mapenzi, hakuna hazina iliyofukiwa, na kinachoendelea muda mwingi ni watu kufanya kazi.

Hapo ndipo wavuvi walipokamatwa. Wanaume wanavuta kamba kwa pamoja, na unaona kamba inavyokaza na maji yanavyokamuka humo. Mtu anapanda mlingoti upepo ukivuma, miguu yake inatafuta pa kukanyaga bila yeye kutazama chini. Nahodha anawafanyisha mazoezi ya mizinga huku akipima muda, tena na tena, mpaka mikono ijue yenyewe. Baharia mzee amepasuka fuvu, na daktari anamfanyia upasuaji sitahani, mbele ya wenzake wote, anaziba tundu la kichwa kwa sarafu iliyogongwa ikawa bapa. Benchi lote la mbele liliinama kuelekea kwenye kioo kama watu wanaochungulia kisimani.

Halafu ikaja dhoruba ya Pembe ya Hoorn, ile ncha ya kusini ya Amerika. Kijana mmoja yuko juu kwenye mlingoti wa galme, ule wa nyuma. Mlingoti unavunjika, unaanguka baharini na yeye anakwenda nao. Anaibuka, yuko hai, anaogelea kuufuata mlingoti ambao bado umefungamana na meli kwa kamba zake. Mbao zile na matanga yale yaliyojaa maji yanaiburuta meli kama nanga, inalazwa ubavu, na mawimbi yanaipiga. Nahodha anatazama. Rafiki wa yule kijana anatazama. Kisha mashoka yanaletwa, na rafiki huyo ni mmoja wa wanaokata. Kamba ya mwisho inapokatika, kijana anabaki nyuma ya mawimbi, anakuwa mdogo, anakuwa kitone, hayupo.

Banda lilikuwa kimya kiasi cha kusikia jenereta la jirani. Mjomba, juu yangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetoa taarifa:

"Wamechelewa kukata kamba."

Hakuna aliyemjibu. Nilimwona mwanamume mmoja wa benchi la pili akitikisa kichwa polepole, akikubali.

Mimi nilichukia. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nalia gizani, na niliona Mjomba amesema neno la kikatili. Mama ndiye aliyenieleza, miaka mingi baadaye, tukichambua mchele. Kabla sijazaliwa, Mjomba alikuwa kijana kwenye kipe, ile mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti na wavu katikati yake. Nyuma walikuwa wamefunga mtumbwi mdogo, na ndani yake alikuwamo mwenzao. Upepo wa kusini ukawakuta usiku mbali na ufuko. Ule mtumbwi mdogo ukajaa maji, ukaanza kuwavuta, na walisitasita kwa sababu mwenzao alikuwa anakumba maji kwa nguvu na walimwona anaweza. Walipokata, mtumbwi mmoja wa kipe ulikuwa umeshapasuka. Walipotea watatu badala ya mmoja. Mama alisema hayo bila kuinua macho kwenye ungo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini filamu za mabaharia wa kale zinatushika namna hii, sisi tulio zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka bahari iliyo karibu. Watu hunijibu kwamba ni mapanga, mizinga na visiwa. Sikubaliani nao. Mapanga yamo kwenye kila aina ya sinema. Kilichomo kwenye hizi tu ni chombo cha mbao chenye watu mia mbili ambao hakuna hata mmoja anayeweza kushuka, na kazi ambayo kila mkono lazima uifanye sawasawa, maana mmoja akifunga fundo vibaya watazama wote, pamoja na asiyehusika. Mtu wa duka akikosea hesabu, hasara ni yake. Mvuvi akikosea, hasara ni ya kipe kizima. Wale wa benchi la mbele hawakuhitaji tafsiri kwa sababu hiyo.

Kitu kingine ni umbali. Nahodha wa 1805 hana wa kumpigia. Barua ya kuomba ruhusa inakwenda miezi na jibu linarudi miezi. Anayo anga, dira, ramani yenye mapengo, na uso wa kila baharia anayemtazama asubuhi akitaka kujua kama leo anajua anachofanya. Kiswahili kina methali ya hilo, manahodha wengi chombo huenda mrama, na historia ya bahari ina mfano wake kwenye meli ya Bounty. Tarehe 28 Aprili 1789 sehemu ya mabaharia waliasi, wakamweka nahodha wao William Bligh na watu 18 kwenye mashua ya mita 7 hivi. Aliiongoza kwa siku 47 mpaka Timor. Mtu aliyeshindwa kuwashika watu wake kwenye meli kubwa akawafikisha hai kwenye kimashua, isipokuwa mmoja aliyeuawa na wenyeji wa kisiwa njiani. Nimeona filamu zaidi ya moja za kisa hicho na kila moja ina hukumu yake juu ya Bligh. Mimi humrudia kwa ajili ya zile siku 47 za kugawa mkate kwa mizani.

Niseme pia kuhusu maji. Siku hizi bahari nyingi za kwenye sinema zimechorwa na kompyuta, na macho ya mtu wa ziwani yanajua mara moja. Maji hayana uzito. Wimbi linapanda bila kuvuta chochote chini yake. Mtu anamwagiwa bahari nzima na halafu hatetemeki kwa baridi. Filamu zinazodumu zina mbao za kweli mahali fulani. Surprise ile ya 2003 ni meli iliyojengwa mwaka 1970 huko Lunenburg, Kanada, ikaitwa Rose, ikanunuliwa kwa ajili ya filamu. Bandari hiyohiyo ilikuwa imeshajenga nakala ya Bounty kwa ajili ya filamu ya 1962, na nakala hiyo haikuishia kwenye filamu. Ilisafiri miaka hamsini, mpaka Oktoba 2012 ilipozamishwa na kimbunga Sandy karibu na pwani ya Marekani, nahodha wake na baharia mmoja mwanamke wakapoteza maisha. Nilisoma habari hiyo nikiwa Kigoma mjini, nikaenda kukaa gati muda mrefu. Meli ya sinema, na bado bahari iliihesabu kama meli nyingine yoyote.

Kuna jambo la lugha ambalo naliwaza sana. Kiswahili kilifika Ujiji kwa miguu, na misafara iliyotoka pwani ikapita Tabora. Kilikuja na maneno yake ya chumvi, kikawakuta watu wenye maji yao makubwa tayari, yenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Maneno yakakaa. Mwalimu wetu wa hesabu alisema mtihani umekwenda mrama na sidhani kama aliwahi kuona jahazi. Mtangazaji wa mpira anasema nahodha wa Simba, nahodha wa Yanga. Mgeni asiyeondoka tunasema ametia nanga. Manowari lenyewe ni neno tulilolichukua kwa hao hao mabaharia wa Kiingereza. Kwa hiyo filamu ile ya mbalamwezi isingehitaji kuazima kitu kama ingetafsiriwa na mtu anayejua: omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, foromali ya kushikia tanga, demani na jarari, kamba za tanga, ngama, kalafati, kiseyeye, vyote vipo na vina umri. Natamani siku moja niisikie kwa Kiswahili hicho, mtafsiri asiyepiga kelele, anayemwacha baharia aseme "legeza demani" na mzee wa Kilwa akaelewa ni kamba ipi.

Filamu inayosemwa kuwa ya kwetu nimeiona nikiwa mtu mzima. The African Queen, ya 1951, ya John Huston, iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee. Ilipigwa Uganda na Kongo, na meli ya Wajerumani iliyomo, Louisa, inahusishwa na meli yetu, Graf von Goetzen, ambayo ndiyo Liemba. Niliitazama kwa shauku kubwa. Kuna mahali Bogart anashuka kwenye maji ya matete, kamba begani, anaivuta mashua kwa mwili wake, anapanda amejaa ruba, anatolewa ruba, kisha anajua lazima arudi majini, na anarudi. Pale nilimwona Mjomba kabisa. Lakini mwafrika wa filamu hiyo anaimba kanisani mwanzoni, kijiji kinachomwa, na kuanzia hapo mto na ziwa karibu havina Waafrika. Mto mzima, Wazungu wawili. Mwishoni Louisa inalipuka na kuzama.

Goetzen haikulipuka. Kisa chake cha kweli kina mambo ambayo mwandishi wa sinema angeogopa kuyatunga. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000. Ikaja Dar es Salaam kwa meli, ikapanda reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikaungwa upya hapa, msumari kwa msumari, ikashushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, na upande wa pili Waingereza nao wakaleta boti mbili za vita, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Walizishusha Cape Town, wakazipandisha treni mpaka Katanga, wakazikokota kwa mitambo ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani, meli ya Wajerumani, na Februari 9, 1916 zikaizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann. Goetzen walikuja kuizamisha Wajerumani wenyewe, Julai 1916, walipoona Kigoma inawatoka. Mafundi walipaka injini grisi nene kwanza. Walitaka iamke. Ikalala chini, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Kabla ya hizo, mwaka 1876, Stanley aliizunguka Tanganyika kwa mashua iliyoitwa Lady Alice. Hiyo nayo iliundwa kwa vipande Uingereza na kuletwa kutoka Bagamoyo mabegani mwa watu. Ziweke pamoja uone: vyombo maarufu vya ziwa letu vilikuja vikitembea. Vilipita porini, juu ya reli, juu ya vichwa, juu ya mabega, juu ya magogo yaliyolazwa na watu waliokata miti kufungua njia. Kazi ile ile iliyowanyamazisha wavuvi bandani, mikono mingi kwenye uzito mmoja, hapa ilifanyika nchi kavu, na waliofanya hawana sura kwenye filamu yoyote niliyoiona. Hiyo ndiyo filamu ninayoitaka. Ianze na kasha moja tu kati ya yale 5,000, na mpagazi anayejiuliza kipande hiki cha chuma chenye matundu ni cha nini. Amalize filamu akiwa amesimama ufukweni anaona kile kipande kimekuwa sehemu ya ubavu, na ubavu unaelea.

Liemba nimeipanda. Tulikuwa tunakwenda kusini, na usiku tukafika Lagosa, ambako meli wakati ule ilikaa mbali na ufuko kwa kuwa hapakuwa na gati. Honi ikalia. Gizani zikaanza kuonekana taa ndogo, kisha makasia, kisha mitumbwi mingi ikigombania mlango wa ubavuni. Magunia ya dagaa yakapanda, kuku, baiskeli, godoro. Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye boti linalopanda na kushuka, na mtoto mchanga ndani ya kitenge. Hakuita mtu. Alisubiri boti lipande, akamnyanyua mtoto, na mikono ya mwanamume asiyemjua ikampokea mlangoni, akampitisha kwa mwingine nyuma yake, huyo kwa mwingine, mpaka nikajikuta mimi ndiye nimemshika. Alikuwa na joto na amelala. Mama yake akapanda kwa wimbi lililofuata, akanikuta, akanyosha mikono, akasema "asante kaka," akaenda kutafuta pa kukaa.

Mjomba sasa haendi ziwani. Miguu imechoka na macho ya usiku yamepungua. Mbalamwezi iliyopita alikuja kwangu kulala, na baada ya ugali na migebuka nilimwambia ile picha ya meli ninayo, safi, kwenye televisheni bapa. Akasema weka. Mwanangu akakaa miguuni pake, nilipokuwa nakaa mimi.

Dhoruba ilipokaribia nilishika rimoti mkononi. Nilikuwa nimeamua kuruka kipande kile. Yule kijana alipoanza kupanda mlingoti, kidole kilikuwa kwenye kitufe.

"Acha," Mjomba akasema.

Nikaacha. Mlingoti ukavunjika, kijana akaanguka, mashoka yakaja. Mjomba alikuwa amemwekea mwanangu mkono kichwani na hakuuondoa. Kamba ikakatika. Safari hii hakusema kama wamewahi au wamechelewa. Alikaa akitazama mawimbi yale mpaka picha ilipobadilika, na ndipo akaniuliza:

"Bahari ile ni ya kweli?"

Nikamwambia sehemu kubwa ya filamu ilipigwa kwenye bwawa kubwa huko Mexico, lakini kwa dhoruba ile mpigapicha alipanda meli ya matanga, nakala ya ile ya Cook, nahodha wa Kiingereza wa zamani, akazunguka nayo Pembe ya Hoorn yenyewe, na mawimbi yake ndiyo yaliyotumika.

"Nilijua," akasema, akaomba maji ya kunywa.